Mtani Asiyeshika Jembe

Siku tuliyomzika bibi mzaa mama, huko Maneromango wilayani Kisarawe, jeneza lilikwama mlangoni kwa karibu robo saa. Lilikwamishwa na mzee mmoja aliyevaa koti la suti juu ya kanzu. Alikuwa amekaa kizingitini, jembe mapajani, miguu ameinyoosha kuziba njia. "Haitoki maiti hapa," akasema. "Kizee wenu huyu kafa na deni langu la kuku wawili. Nilipeni kwanza, ndiyo mkamzike."

Wajomba wakaanza kujipapasa mifukoni. Mmoja akatoa noti ya elfu mbili. Mzee akaiinua juani, akaigeuzageuza kama karani wa benki, akatangaza kwamba pesa ya Mzaramo lazima ikaguliwe, akaitia mfukoni na kudai nyingine. Imamu akakohoa. Mama yangu, ambaye tangu usiku hakuwa ametia tonge kinywani wala kutoa neno, akacheka. Kicheko kilimponyoka tu. Akawahi kujifunika uso kwa khanga, lakini wanawake waliokaa naye mkekani walishasikia, na wao wakaangua. Kisha vilio vikarudi, vikubwa kuliko vya mwanzo, na mzee akainuka, akajipangusa vumbi, akapisha.

Nilikuwa kijana wa sekondari na nilikasirika sana. Nilimwona mzee kama mlevi aliyekosa adabu. Kilichonifunga mdomo nilikiona baadaye makaburini: udongo mbichi uliogandia lile jembe ulikuwa wa kaburi la bibi. Yeye na wanawe wawili walikuwa wamechimba tangu kabla ya adhana ya alfajiri, na baada ya mazishi walibaki siku tatu wakichanja kuni na kuteka maji. Alikuwa Mnyamwezi. Kwetu Wazaramo, Mnyamwezi ni mtani.

Nimemkumbuka mzee huyo hivi karibuni, katika kundi la WhatsApp la watu niliowahi kufanya nao kazi. Mmoja aliandika juu ya kabila la mwenzake maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Mwenzake akalalamika. Jibu likaja upesi: "Punguza hasira bwana, kwani mimi si mtani wako?" Ikafuata mistari ya vicheko. Nikajaribu kukumbuka: mwaka jana huyu mlalamikaji alipofiwa na baba yake, mtani huyu alifanya nini? Aliweka kile kikatuni cha viganja viwili vilivyounganishwa. Basi.

Ninavyoona mimi, utani ulikuwa mojawapo ya mbinu za werevu zaidi ambazo watu wa nchi hii walizibuni ili waweze kuishi na wageni, na ulifaa kwa sababu ulikuja na nusu mbili, ulimi na jembe. Ruhusa ya kutukana ilikuwa inalipiwa kwa jasho. Maisha yamebadilika. Ulimi tumebaki nao, jembe tumelikodisha kwa wengine, halafu tunashangaa mbona siku hizi watu hawana uvumilivu.

Kwa msomaji aliyekulia mjini niseme kidogo. Upo utani wa ndani ya ukoo: babu anamwita mjukuu wa kike mke wangu, binamu wanasemana watakavyo, shemeji hawaoneani haya. Na upo utani wa makabila, ambao ndio ninaouzungumzia. Haumhusu kila mtu na kila mtu. Mzaramo ana watani wake, Mpare na Mchagga wanataniana, Mhehe na Mngoni wanataniana, na kila mmoja anajua tangu utotoni nani anaweza kumvua kofia na kuondoka nayo na nani akifanya hivyo ni mwizi. Miaka ya 1940 Mwingereza mmoja aitwaye Moreau aliyachunguza mahusiano haya na kuandika ni kabila gani linataniana na lipi. Cha kuchekesha ni kwamba alikuwa mtaalamu wa ndege, akiishi kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara. Aliyezoea kuorodhesha ndege akaorodhesha watani. Wakati huohuo, mwaka 1940, mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika kwamba huu ni uhusiano ambao mmoja anaruhusiwa, pengine analazimika, kumkejeli mwenzake, na mwenzake hatakiwi kukasirika. Fasili hiyo ina ukweli wake, ila ukiisoma peke yake utadhani jambo lote hili ni la mdomo.

Turudi barabarani, maana utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ulizaliwa njiani. Katika karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wakuu wa njia ya Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo unaozidi kilomita 1,000. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi bara na nguo, shanga na nyaya za shaba. Miezi na miezi njiani, na ndui, na kuhara, na vidonda vya miguu. Kila nchi waliyopita ilikuwa na wenyewe, waliotaka hongo kabla ya kufungua njia. Wazee wetu Wazaramo walikuwa miongoni mwa wadai hongo hao, tena wagumu.

Sasa jivike viatu vya mpagazi, kama angekuwa navyo. Homa imekushika ukiwa Uzaramo na msafara hauwezi kukungoja. Lugha unaijua nusu. Huna mjomba, huna shangazi, huna hata wa kukudondoshea maji mdomoni. Ukiwa na mtani katika kijiji kile, mambo ni mengine. Utavunja muhindi shambani mwake na hakuna atakayekuitia mwizi. Utaingia uani kwake na kupiga kelele kwamba mke wake anapika kama anachemsha matope, na atakuletea sahani. Ukifa, yupo mtu anayewajibika kukuzika. Siku naye atakapopanda na msafara kwenda bara, yale yale yatamngoja Unyamwezi. Leo tungeiita bima.

Lakini mbona matusi? Kama lengo lilikuwa kusaidiana, si wangeshikana mikono tu na kuapa? Nimelifikiria swali hili muda mrefu, na jibu linaloniridhisha nililipata kwa kumkumbuka yule mzee na deni lake la kuku. Mgeni mwenye njaa anayeomba kwa upole anajishusha, na anayempa anapanda juu yake. Mgeni anayeingia akifoka kwamba umemnyima chakula chake hakuombi, anadai haki. Heshima yake inabaki palepale ilipokuwa. Mwenyeji naye hapotezi kitu, kwa sababu atamjibu matusi hayo mbele ya watu mpaka waliopo washike mbavu, na ile kero ya kulishwa kwa maelfu ya wapita njia kila msimu inapata pa kutokea. Adabu nyingi ni ukuta. Wageni wawili wakistahiana sana wanaweza kuishi nyumba moja miaka kumi na wasijuane.

Kuna utani wa njiani, na kuna uliotoka vitani. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini ya Afrika, wakapanda hadi Ufipa, na baada ya kiongozi wao Zwangendaba kufa wakagawanyika, wengine wakaja kutawala Songea. Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 wakapigana na Wahehe. Damu nyingi ilimwagika na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo mkutanishe Mhehe na Mngoni kwenye basi la Iringa, utasikia kila mmoja akisimulia jinsi babu wa mwenzake alivyokimbia akaacha nguo. Vita vile vinapiganwa upya kwenye kiti cha basi, na anayeshindwa ananunua soda Mafinga.

Hilo la kutokuwa na mshindi nalipa uzito kuliko wengi. Utani ulistawi pale pande mbili zilipokuwa na nguvu zinazokaribiana. Kila mmoja alikuwa na cha kusema na mdomo wa kujibia. Sijasikia utani wa bwana na mtumwa wake, ambapo mmoja anacheka na mwingine anangoja zamu isiyokuja. Huo una jina lingine.

Kisha likaja shamba la mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge mwaka 1893, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa inavuna tani zipatazo 230,000, ikiongoza duniani. Waliokata majani hayo waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba walizopewa kabla ya kujulikana kwa majina. Walitoka Kigoma, Njombe, Songea, wengine ng'ambo ya Ruvuma, wakamwagwa kambini Tanga na Korogwe kwa mikataba. Fikiria kijana wa Kiha anayeshuka garini usiku asijue hata upande wa choo. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: wewe kabila gani? Siku hizi swali hilo linakera, na nina sababu za kufurahi kwamba linakera. Lakini kambini lilikuwa swali la kumtafutia mgeni mlango wa kuingilia. Akishajulikana anatoka wapi, ndani ya dakika tano ana mtu wa kumtukana, na mwenye mtu wa kumtukana ana mtu wa kumzika. Makabila madogo ambayo hayakuwa na watani wa jadi huko yalijibandika kwa majirani zao wakubwa, wa magharibi wakahesabiwa pamoja na Wanyamwezi, wa kusini wakaingia kwenye fungu la Wangoni. Uongo mtupu kwa kipimo cha ukoo, lakini ulifaa. Hapo ndipo ninapoona kipaji cha watu wale. Walichukua desturi ya barabarani wakaitia kambini, wakaipanua ilipobana, na hawakumwomba ruhusa mtu.

Tunapoeleza kwa nini Watanzania wa makabila zaidi ya 120 wamekaa pamoja bila kuchinjana, kwa kawaida tunamtaja Mwalimu Nyerere, Kiswahili, Jeshi la Kujenga Taifa la mwaka 1963, shule za bweni, kufutwa kwa utawala wa machifu. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967. Yote hayo yana haki yake na sitayapunguzia. Ninachosema ni kwamba mbegu hiyo ilianguka kwenye shamba lililokwisha kulimwa. Mwalimu wa Kinyakyusa aliyepangiwa shule Lindi alikuta watu wenye uzoefu wa vizazi vitatu wa kumpokea mtu asiye wao.

Jembe lilituponyoka lini? Sidhani kuna siku. Angalia tu msiba wa Dar es Salaam ulivyo sasa. Kaburi linachimbwa na vijana wa makaburini kwa malipo yanayojulikana. Turubai na viti vinakodishwa. Chakula kinaletwa na mama mwenye masufuria yake makubwa na wasaidizi wake waliovaa aproni. Maiti inasafirishwa mkoani kwa gari maalumu, waombolezaji wanafuata na Coaster. Kamati ina mwenyekiti, mweka hazina na namba ya simu ya kutumia rambirambi. Kila kazi iliyokuwa ya mtani imepata bei na mwenyewe. Mtani anakuja saa saba mchana kama mgeni mwingine yeyote, anakula wali, anaangalia saa. Amebakiwa na kazi moja tu ambayo hakuna aliyeianzishia kampuni, nayo ni kuongea.

Siwalaumu vijana kwa hili, maana hata mimi sijachimba kaburi tangu nihamie mjini. Nalaumu uvivu wa kufikiri unaotufanya tudai haki ya mzee yule wa Maneromango bila kuamka alfajiri kama yeye.

Na mtandaoni hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ambazo mzee angeziona upesi. Yeye alitukana mbele ya macho ya mama yangu. Aliona kicheko kilipotoka na akaona vilio viliporudi, akajua ni wakati wa kupisha. Aliyeandika kwenye kundi letu hakuona uso wa mtu. Maneno ya mzee yaliishia uani pale pale. Ya huyu yalipigwa picha na kusambazwa kwa watu wasiojua nani mtani wa nani, na hadi leo yapo. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao, na humo lipo kosa la kumtukana mtu mtandaoni kwa sababu ya rangi, asili au kabila lake. Wapo wanaoilalamikia kwamba inaua utani. Mimi nina manung'uniko mengi juu ya sheria ile, lakini hilo halimo. Utani uliopelekwa kituo cha polisi ulikuwa umekufa zamani, polisi wameletewa maiti.

Lipo jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Mji wetu umezoea kumtania mtu ambaye si mtani wa yeyote. Mtazame Mmasai wa Dar es Salaam. Ukame na kupungua kwa malisho vimewatoa vijana wengi wa Kimasai Simanjiro, Kiteto na Longido, wakaja mjini kulinda mageti usiku, kusuka nywele, kuuza dawa za mizizi na ndala za matairi. Kwa mtu anayependa kusoma jinsi binadamu wanavyojibadilisha, hawa ni darasa. Wanapanga chumba kimoja watu sita, wanapokezana godoro kwa zamu za ulinzi, wanatumiana pesa za kununua mitamba nyumbani kwa simu iliyofungwa kwenye mkanda wa sime. Kazi ya kusuka nywele, ambayo kwao ilikuwa sehemu ya ujana wa moran, wameigeuza kuwa biashara kwa wanawake wa mjini. Mji umewalipa nini? Vichekesho vya runinga ambamo Mmasai ni yule asiyejua lifti, anayesema Kiswahili cha kuvunjika, anayeogopa kioo. Tukimwuliza mchekeshaji, atasema ni utani tu. Mtani wake ni nani, basi? Yeye Mmasai amepewa kipindi gani cha kumjibu? Na akifa getini kwa ajali, ni nani katika waliocheka atakayeshika jembe? Wenzake watachanga, watamrudisha kwao, na asubuhi kutakuwa na Mmasai mwingine getini ambaye wapangaji hawatagundua kwamba si yule wa jana.

Na wanawake. Nilipokuwa naandika makala haya nilimsomea dada mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, akaniambia nisimpambe mtani kupita kiasi. Anakumbuka ofisi ambapo aliacha kwenda kula mchana kantini kwa sababu mkuu wake alikuwa mtani wake wa kabila na akamfanya pia shemeji, ili apate leseni mbili za kumshika kiuno. Akilalamika anaambiwa hajui mila. Alinikumbusha kitu ambacho watetezi wa utani tunakiruka: mila hizo hizo zilikuwa na watu wasiotaniwa kabisa. Mkwe hataniwi. Mbele ya mkwe unashusha macho, unapisha njia. Waliotufundisha wapi pa kulegeza walitufundisha pia wapi pa kukaza, na mwanamume aliyekariri somo la kwanza tu hana haki ya kutoa mhadhara wa mila. Nilimjibu kwamba mtani wa kweli angeweza kujibiwa, tena hadharani, na mwanamke wa zamani alikuwa na ulimi mkali kuliko wa mwanamume. Akasema, "Ulimi alikuwa nao. Mshahara wake haukuwa unasainiwa na huyo mtani." Sina la kuongeza hapo.

Upande wa pili wako wanaoutukuza utani mpaka wanaufanya dawa ya kila ugonjwa: kwamba tungeuhubiri shuleni, ugomvi wa makabila ungekwisha. Hapana. Utani wa Wahehe na Wangoni ulikuja baada ya mikuki, haukuizuia. Na lipo jambo ambalo haukuweza kulitatua hata siku moja, nalo ni mpaka wa shamba. Desemba 2000, huko Rudewa wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Pale kulikuwa na maji, malisho, mazao yaliyoliwa, kesi zilizokaa bila hukumu, na hisia kwamba mwenye ng'ombe wengi ndiye anayesikilizwa. Unaweza kumsamehe mtani muhindi mmoja aliouvunja akipita. Ng'ombe mia tatu waliolala ndani ya shamba lako hawawezi kusamehewa kwa kicheko. Utani hupunguza makali kati ya watu ambao tayari wana pa kulala na cha kula. Kazi ya kupima ardhi na kutoa hukumu ya haki ni ya serikali, na serikali isiyoifanya isijifiche nyuma ya mila zetu nzuri.

Majirani zetu Wakenya wanacheka juu ya makabila kuliko sisi, na wachekeshaji wao ni hodari. Baada ya mauaji yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walitunga sheria mwaka 2008 na kuunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo pamoja na mengine inafuatilia matamshi ya chuki. Nawaheshimu kwa hilo. Huwa najiuliza tu kama tume yoyote, yetu au yao, inaweza kumpima mtu kwa swali ambalo bibi yangu angeuliza kwanza: huyu anayekucheka, siku ya shida huwa anakuja?

Kuna mahali ambapo nimeona jembe likirudi, na ni mahali ambapo sikutarajia, maana mimi si mtu wa mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote Dar es Salaam, na magazeti huziita watani wa jadi. Nilizoea kulichukulia neno hilo kama pambo la waandishi wa michezo. Lakini matawi ya klabu hizi mitaani yana daftari la wanachama, yana mchango wa mwezi, na yana desturi ya kuzikana. Humo utamkuta Mmakonde, Mhaya na Mpemba wanaogawana zamu ya kukesha msibani, na hakuna aliyewauliza kabila. Wamejitengenezea makabila mawili mapya, yanayokaribiana kwa nguvu, kila moja likiwa na mdomo wa kujibia.

Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba mabao matano kwa moja. Mwezi uliofuata, mtaani kwetu Temeke, alifariki fundi cherehani mmoja aliyekuwa mwanachama wa tawi la Simba tangu ujana wake. Jeneza lilifunikwa bendera nyekundu na nyeupe. Tukiwa makaburini wakatokea watu kama kumi wa tawi la Yanga la mtaa wa pili, jezi za kijani na njano, wamebeba sepeto mbili na mfuko wa unga wa kilo 25. Mchungaji alipomaliza sala, aliyeongoza kundi lile, muuza spea za pikipiki, akapanda juu ya kifusi cha udongo akasimama.

"Hatudai hela," akasema. "Semeni 'tano' mara moja tu, tufukie."

Kimya. Watu wa Simba wakatazama chini. Mmoja akaanza kusogea kwa hasira, mwenzake akamshika mkono. Wote tukageuka kumtazama mjane, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, ameshikwa na dada zake wawili.

"Tano kwa moja," mjane akasema. "Na hiyo moja msiisahau."

Muuza spea akavua kofia, akashuka kwenye kifusi, akazamisha sepeto.